Gia Yavunjika Eldoret, Mchoro Uko Wapi?

Eldoret ni jiji sasa. Tarehe 15 Agosti 2024 mji huo uliokulia katika shamba nambari 64, na ambao wenyeji wa zamani waliuita kwa nambari hiyo hiyo, ulipewa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya. Hotuba zilitolewa na sifa za kawaida zikatajwa: wakimbiaji, ngano, mahindi, Chuo Kikuu cha Moi. Ni sifa za haki na sina la kuzipunguza. Nia yangu leo ni kuzungumza na msomaji juu ya jambo dogo lisilotajwa hotubani, jambo lenye kuenea kiganjani, nalo ni jino la gia.

Wasomaji wangu wa Mombasa, Malindi na Lamu wataniuliza, bara na pwani wapi na wapi? Watangulize subira, tutafika.

Nchi ya Uasin Gishu ni nchi ya mashine. Ukitoka Eldoret kwenda Moiben, au Ziwa, au Kesses, waona mashamba yasiyolimika kwa jembe la mkono hata wakikusanyika watu wa kijiji kizima. Ngano hailindwi na ganda gumu wala haisubiri mtu. Ikishakauka shambani na mvua ikarejea, punje huota zingali katika masuke, na mkulima aliyehesabu magunia hubaki kuhesabu hasara. Basi fikiria kombaini inayosimama katikati ya shamba siku kama hiyo kwa sababu gia moja imekatika meno matatu. Mashine ni ya thamani ya mamilioni, gia haizidi uzito wa kuku, na ngano yasubiri. Mwenye shamba hupiga simu madukani Eldoret, akaambiwa aulize Nairobi. Nairobi wamwambia kwamba spea hiyo yaagizwa ng'ambo, na kama mashine ni ya zamani, kwamba aliyeiunda hashughuliki nayo tena.

Hapo ndipo mkulima hugeuka kwa fundi wa jua kali. Na mimi sitaki mtu anisomee vibaya: mafundi hao ni watu hodari. Fundi hulijaza jino lililokatika kwa kulichomelea, kisha huchukua tupa akalichonga kwa jicho, akilinganisha na jino la jirani, mpaka gia inakubali kuzunguka. Mashine huondoka karakanani ikinguruma na mvuno huokolewa. Lakini jino lililochongwa kwa jicho halibebi sawa na wenzake. Hugonga badala ya kuviringika, hula meno ya gia ya pili, na baada ya msimu mmoja au miwili mkulima yuko pale pale, safari hii na gia mbili zilizoharibika badala ya moja. Lililo zito zaidi ni kwamba fundi hana alichokihifadhi. Kipimo kilikuwa jichoni mwake na mkononi mwake, na mteja mwingine akija kesho na gia ya namna ile ile, kazi huanza upya.

Kwa upande wa pili wa mji huo huo, katika vyuo vya ufundi na katika madarasa ya uhandisi ya chuo kikuu, wapo vijana wanaojifunza kuchora vyuma kwa kompyuta. Hawachori picha kama achoravyo msanii. Wanampa kompyuta idadi ya meno, ukubwa wa jino, upana wa gia na tundu la shafti, nayo huwajengea umbo kamili linalogeuzwa huku na huku kwenye kioo, likakatwa katikati kuonyesha ndani, likawekwa pamoja na gia ya pili na kuzungushwa kabla hakijaguswa chuma chochote. Ukibadilisha idadi ya meno kutoka 20 hadi 24, umbo zima hujipanga upya. Na faili ile yaweza kupelekwa kwenye mashine inayojiongoza kwa nambari, ikakata chuma chenyewe.

Hesabu yake si uchawi, na nitaieleza kwa sababu wengi hutishwa na jina la kompyuta kumbe msingi ni hesabu ya madrasa na duka. Umbo la ubavu wa jino la gia ni mkunjo unaochorwa na ncha ya uzi uliokazwa, unapofumuliwa polepole kutoka katika kigurudumu chake. Aliyeonyesha kwamba mkunjo huo wafaa kwa meno ya gia ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18. Meno ya umbo hilo huviringikiana kwa mwendo ulio sawa, na hata shafti zikisogea nafasi kidogo mwendo hauharibiki. Kisha kuna kipimo kiitwacho moduli, yaani kipenyo cha gia kwa milimita kugawanywa kwa idadi ya meno. Kipenyo hicho si cha ukingo wa nje. Ni cha duara la katikati ya jino, pale gia mbili zinapokutana. Ukitaka kuipata moduli kwa kupima ukingo wa nje, gawanya kwa meno na kuongeza mbili. Gia yenye meno 20 na upana wa milimita 66 toka ncha hadi ncha, 66 kwa 22 ni 3. Moduli ni 3. Mwenzake mwenye meno 40 atakuwa na kipenyo cha katikati cha milimita 120, yeye mwenyewe 60, na shafti zao zitakaa umbali wa milimita 90. Mtu aweza kuyafanya haya kwa penseli nyuma ya karatasi ya risiti.

Ila gia iliyovunjika haiji ikiwa mpya. Huja imelika, na kipimo chasema milimita 65 na kitu. Hapo kijana asiyejua atachora gia iliyolika, akaitengeneza mpya ikiwa mbovu tangu kuzaliwa. Anayejua atakumbuka kwamba moduli zimewekewa viwango, atairudisha kwenye 3, na atahakikisha kwa kupima umbali wa shafti mbili ndani ya sanduku la gia, kwa kuwa chuma cha sanduku hakikulika.

Na upo mtego mwingine, huu wa kikoloni. Mashine nyingi za zamani katika mashamba ya Bonde la Ufa zilitoka Uingereza na Marekani, na gia zake zilihesabiwa kwa inchi: meno mangapi katika kila inchi ya kipenyo. Gia ya meno 20 yenye kipimo cha 8 kwa hesabu hiyo ina upana wa nje wa milimita 69.85, na ukiigawanya utapata moduli 3.175, ambayo haimo katika orodha ya milimita. Kijana akilazimisha 3 au 3.25, gia zake hazitapatana na zile zilizobaki ndani ya sanduku. Zaidi ya hayo, pembe ya jino katika mashine nyingi za kale ilikuwa nyuzi 14 na nusu, nayo ya sasa ni 20. Kompyuta haimwambii mtu mambo haya. Itachora kosa kwa unadhifu ule ule inaochorea sawa. Wa kumwambia ni fundi mzee wa jua kali ambaye kwa miaka 30 amefungua sanduku la gia la trekta za Kiingereza, naye hajui kuwasha kompyuta. Wawili hawa wanaishi mji mmoja na hawajuani. Kwangu mimi hilo ndilo tatizo kubwa la Eldoret katika jambo hili, kuliko uhaba wa mashine.

Habari ya parafujo na nati ni nyepesi zaidi. Sisi watu wa pwani tulilipata neno parafujo kwa Wareno, na pengine ndilo jambo jema miongoni mwa machache waliyotuachia. Vyuma hivi vidogo havina haja ya kuchorwa na kila mtu, kwani programu huja na maktaba yake: waandika M10, nayo yakuletea parafujo ya milimita 10 yenye hatua ya milimita moja na nusu kati ya uzi na uzi. Hata hivyo fundi yeyote atakwambia kwamba kichwa cha parafujo hiyo chataka spana namba 17 ikiwa imefuata kiwango cha zamani cha Kijerumani, na 16 ikiwa imefuata kiwango kipya cha kimataifa. Basi hata katika maktaba yafaa kujua waazima kitabu gani.

Sasa tuje pwani, na nyuma ya pwani.

Neno letu mhandisi twalijua asili yake ni Kiarabu, na elimu ya gia haikuwa ngeni kwa waliolitumia. Katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Sayansi huko Oxford kuna usturlabu ya shaba iliyoundwa na Muhammad bin Abi Bakr wa Isfahan mwaka 1221 au 1222, na ndani yake mna magurudumu ya meno yanayoonyesha kalenda na sura za mwezi. Miaka michache kabla yake, mwaka 1206, Al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mitambo katika mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakir nchini Uturuki. Wengi humsifu kwa maajabu ya mitambo yenyewe. Mimi namsifu kwa jambo jingine: aliandika vipimo, akaeleza kila kipande kinaundwaje na kinafungwaje, akachora, ili ajaye baada yake aweze kuunda. Na kweli wakaja. Mwaka 1976, katika tamasha la Ulimwengu wa Kiislamu jijini London, Jumba la Makumbusho ya Sayansi liliionyesha mojawapo ya saa zake za maji ikiwa imeundwa upya kwa kufuata kitabu. Chuma na mbao za saa ya kwanza zilikwisha kuoza karne nyingi, mchoro ukabaki.

Linganisha na mtepe wetu. Jahazi lile lililoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari wa chuma lilisafiri bahari hii kwa karne nyingi, likaundwa hasa na mafundi wa visiwa vya Lamu, kisha likatoweka katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Mafundi walikuwa na elimu yote vichwani mwao. Alipotakiwa mtu kuunda mtepe tena Unguja mwaka 2003, kwa ajili ya kuwekwa Beit al-Ajaib, ilibidi watu watafute katika picha, katika vijimfano vya makumbusho na katika maandishi ya wageni. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Sisemi haya kuwalaumu wazee wetu. Mkereza wa Siyu aliyechonga miguu ya kitanda kwa kerezo la upinde hakuhitaji karatasi, kwa sababu mwanawe alikaa pembeni yake akitazama. Siku hizi mwana yuko chuoni, au Ghuba, au Nairobi, na hakuna aliyekaa pembeni.

Kenya yenyewe imewahi kuonja uchungu wa kuwa na chuma pasipo mwendelezo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama halingekuwa zuri wala la kasi. Magari matano yaliundwa, yakaonyeshwa mwaka 1990 kwa jina la Nyayo Pioneer, kisha biashara haikufika popote. Watu hucheka wakikumbuka. Lakini shirika lililoanzishwa kwa ajili ya magari hayo likageuka kuwa Numerical Machining Complex, ndani ya karakana za reli Nairobi, likiwa na mashine za kukata gia na vipuri kwa vipimo vya kweli. Gari halikuja, ila uwezo wa kuunda vipande vyake ulibaki, na mimi naona hiyo ilikuwa faida kubwa kuliko gari.

Eldoret ina mfano wake wa nyumbani. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianzishwa mwaka 1976, kikafilisika, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mwezi Juni 2019 kikazinduliwa upya kwa mitambo ya kisasa iliyopatikana kwa mkopo wa India. Ni jambo la nadra chuo kikuu kumiliki kiwanda. Mtambo wa kusokota na kufuma umejaa gia, beringi na roda ndogo ndogo zinazolika usiku na mchana. Kila kipande kinacholika ni somo kwa mwanafunzi wa uhandisi: akipime, akichore, akitengeneze, na faili lake liwekwe kabatini, kwa lugha ya leo, ili mwaka ujao kisiagizwe tena kutoka bara Hindi. Mitambo mipya ya leo itakuwa mitambo ya kale baada ya miaka 20, na swali la spea litarudi mlangoni lilelile.

Nimefika penye mwiba. Programu hizi za kuchorea si mali ya anayezitumia. Kampuni ya Autodesk, yenye AutoCAD iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982, iliacha mwaka 2016 kuuza leseni mpya za kudumu kwa programu zake nyingi, ikashika mtindo wa kukodisha. Mwanafunzi hupewa bure akiwa darasani, ambayo ni hisani, na pia ni chambo. Akihitimu na kufungua karakana yake Langas au Huruma, hisani hukoma na kodi huanza. Wengi hutumia nakala zilizovunjwa kufuli, na kila mtu anajua.

Ndugu zangu Waislamu wengine hujitetea kwamba hakuna kilichopotea kwa mwenye mali, kwa kuwa nakala haimpunguzii. Hoja hiyo ilikwisha jibiwa. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo fundi anayetaka riziki safi atafute njia nyingine, na bahati njema njia ipo. FreeCAD, programu iliyoanza mwaka 2002 na kufikia toleo lake la 1.0 mwezi Novemba 2024, haina kodi wala kufuli. Kila mtu aweza kuitumia kazini na kuigawa. Huchora gia kwa meno na moduli kama nilivyoeleza, na ina nyongeza ya parafujo na nati za viwango. Ina ukaidi wake na hairembi kama zile za kukodi. Nashangaa kwa nini chuo cha umma kimfundishe kijana maskini kwa chombo ambacho hatakimudu siku ya kwanza ya kujitegemea.

Na je, kuichora gia ya kampuni nyingine si wizi vilevile? Hapa lazima tupambanue. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 yalinda umbo lililosajiliwa kwa miaka 5, na yaweza kurefushwa mara mbili, jumla 15. Hataza ni miaka 20. Trekta ya Massey Ferguson 135, iliyoanza kutoka viwandani katikati ya miaka ya 1960, imeivuka mipaka hiyo zamani. Jino la Euler halina mwenyewe. Linaloharamishwa, na Sheria ya Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 yalikamata, ni kuichonga gia Eldoret kisha kuipiga muhuri wa kampuni ya ng'ambo na kumuuzia mkulima kama ya asili. Huo ni udanganyifu wa mizani. Fundi aandike jina lake mwenyewe juu ya gia yake. Ikidumu, jina litamtangaza.

Hata Marekani ugomvi huu unaendelea. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine yake, na Januari 2025 serikali ya shirikisho iliishtaki kampuni ya Deere kuhusu masharti yake ya matengenezo. Ikiwa mkulima wa huko, mwenye kampuni nchini mwake, analalamika kufungiwa mlango, wa Moiben atasemaje?

Tusidanganyane lakini kwamba mchoro ndio gia. Umbo sahihi likikatwa kwa chuma laini cha mabaki, meno yatavimba na kulala kwa siku chache. Gia ya trekta yataka chuma cha aina yake, kisha ipikwe kwa moto uliopimwa ili ngozi iwe ngumu na moyo ubaki na unyumbufu. Gia za nailoni zinazochapwa kwa mashine za siku hizi zafaa katika kazi nyepesi, hazifai kombaini. Tanuri la kupikia chuma, lenye kipimo cha joto kinachoaminika, ni ghali kwa fundi mmoja, lakini si ghali kwa kaunti wala kwa chama cha ushirika cha mafundi. Ningekuwa na sauti katika baraza la jiji hilo jipya ningeliomba tanuri kabla ya kuomba mnara wa saa.

Ningeomba na jambo la pili, ambalo gharama yake ni ndogo: kabati moja la pamoja la michoro. Mitihani ya kawaida humpa mwanafunzi mchoro uliokwisha kamilika aufuate. Apewe gia iliyovunjika kutoka karakana ya jua kali, akae na fundi mzee aliyeifungua, waipime pamoja kwa milimita na kwa inchi, na faili likiisha liwekwe mahali ambapo fundi wa Turbo au Burnt Forest aweza kulipata bila kubisha mlango wa mtu. Jina la fundi liandikwe humo pamoja na la mwanafunzi.

Na pwani je? Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina nasaba ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Kilianza kama MIOME, taasisi iliyofungua madarasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuwafundisha ufundi Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar na ya Mabohora. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya watu wote, 1972 ikawa Politekniki, na 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Wazee waliochanga walitaka mtoto aliyetoka chuoni na msahafu wake ajue pia kushika kalipa. Injini za mashua zinazosimama Mtongwe, Shela na Vanga kwa kukosa gia ya nyuma nazo zina meno ya kuhesabika.